Kabla ya kugawa kambwa kanakokojoa ndani



Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wanakiona kidogo, na wengine watacheka: mbwa. Na si mbwa mkubwa wa kulinda ng'ombe kule Mushaki, hapana. Ni kale kambwa kadogo ka ndani ya parseli, kanakokojoa chini ya kitanda, kanakoharisha usiku, kanakojikuna mpaka manyoya yanatoka. Mwisho baba ya watoto anachoka, anasema: «Mutafute mutu, mumupatie.» Na mara nyingi mtu anapatikana siku hiyo hiyo, juu ya mbwa wa bure hakosi mwenye kumtaka.

Swali letu ni moja: unapomtoa mbwa huyo, unatoa nini hasa? Pengine unatoa mnyama ambaye hakufundishwa. Pengine unatoa mgonjwa. Na siku nyingine, si kila siku lakini inatokea, unaweza kuwa unampelekea jirani kichaa cha mbwa, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita raji. Haya matatu kwa nje yanaweza kufanana. Ndiyo sababu tunapashwa kuyatenganisha kabla mbwa hajatoka mlangoni.

1. KWA NINI HII NI HABARI YETU

Wana-Masisi na wana-Walikale tunajua kuhama kuliko watu wengi. Mwanzoni mwa 2025 tu, vita vilifika Masisi-centre na Sake mwezi wa Januari, Goma mwisho wa mwezi huo huo, na Walikale-centre mwezi wa Machi. Familia iliyokuwa na kilima kizima huko Nyabiondo au Pinga inajikuta katika chumba kimoja cha kukodi. Mbwa aliyezoea kwenda kichakani sasa anaishi katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, hakuna hata udongo wa kuchimba. Mkojo unaingia ndani ya mbao, harufu haitoki, na bayeri anaanza kusema maneno. Mbwa huyo hajabadilika tabia. Ni choo chake kilichobaki kijijini.

Nairobi iko na KSPCA, na Kampala iko na USPCA: ni vyama ambavyo hupokea wanyama waliokosa wenyewe, huwatunza, halafu huwatafutia nyumba nyingine. Kwetu mlango wa namna hiyo hauko karibu. Mbwa anapita mkono kwa mkono: kutoka kwa mama mkubwa kwenda kwa rafiki wa kanisa, kutoka kwa rafiki kwenda kwa motari, kutoka kwa motari kwenda Rubaya. Baada ya mikono mitatu, hakuna anayejua tena huyo mbwa aliwahi kuumwa na nini, ao alimuuma nani. Habari zake zinapotea njiani. Na habari hizo ndizo zinazoweza kuokoa mtoto wa mtu.

2. KWANZA: NI TABIA AO NI UGONJWA?

Tuanze na mkojo, juu ndio unaofukuzisha mbwa wengi.

Kambwa ka miezi miwili hakawezi kubana mkojo usiku kucha. Wafugaji wengi hukadiria saa moja kwa kila mwezi wa umri: wa miezi miwili, saa mbili, wa miezi mitatu, saa tatu. Kwa hiyo ukimfungia mtoto wa mbwa ndani tangu saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, halafu ukampiga kwa sababu amekojoa, umempiga kwa jambo ambalo mwili wake hauwezi.

Kuna mwingine anayekojoa kidogo unapomkaribia ao unapomfokea, amejilaza, masikio nyuma. Huyo anaogopa. Ukimpiga, atakojoa zaidi. Tena mbwa anayepigwa kwa ajili ya mkojo hajifunzi kwenda nje. Anajifunza tu kutokojoa mbele ya macho yako, ndipo unaukuta nyuma ya kabati.

Lakini yule aliyekuwa akijua kwenda nje, na ghafla ameanza kukojoa ndani, huyo usimwite mkaidi kabla hujamchunguza. Angalia mambo haya:

Maji. Mbwa mzima hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akipita mililita 100 kwa kilo, kuna tatizo. Chukua chupa ya nusu lita: mbwa wa kilo tano anayemaliza zaidi ya chupa hiyo kila siku, na hali ni ya kawaida, hakuna joto kali wala kukimbia, anahitaji kuonwa na veterineri. Anakojoa sana juu anakunywa sana, na anakunywa sana juu kuna kitu ndani kinaharibika. Usimnyime maji ukidhani unaponya, utamkausha.

Namna ya kukojoa. Anayejaribu mara nyingi na kutoa matone tu, ao anayelia akikojoa, anaweza kuwa na maambukizo ya njia ya mkojo ao mawe. Akishindwa kabisa kutoa mkojo, hiyo ni haraka ya siku hiyo hiyo.

Rangi. Mkojo mwekundu ao wa rangi ya kahawa, pamoja na homa, udhaifu na fizi nyeupe, unaweza kutoka kwa ugonjwa wa kupe unaoharibu damu. Mahali ambapo mbwa analala karibu na ng'ombe, kupe hawakosi.

Usingizi. Jike aliyehasiwa, ao mbwa mzee, anaweza kuvuja akiwa amelala bila kujua. Hakuna adabu itakayomponya. Kuna dawa.

3. MBWA WA KONGO ALIYEFUNDISHA WAGANGA WA WANYAMA

Hapa nataka tusimame kidogo, juu mfano wenyewe umetoka kwetu. Katika misitu ya bonde la Kongo watu wamewinda tangu zamani na mbwa wadogo wa rangi nyekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Mwindaji humfunga kengele shingoni ili ajue yuko wapi. Wazungu walipompeleka kwao wakamwita Basenji. Jina hilo ni ndugu wa neno «washenzi», ndivyo watu wa vijijini walivyokuwa wakiitwa. Mbwa hakuwa na kosa lolote katika jina hilo.

Mwaka 1895 wawili wa namna hiyo walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts. Baada ya muda mfupi walikufa kwa ugonjwa wa Carré, virusi vya mbwa ambavyo wakati ule havikuwa na chanjo. Mpaka 1937 ndipo wengine waliotoka Kongo walionekana tena kwenye maonyesho hayo, na uzao ukashika. Somo la kwanza ni hilo: mbwa mzima aliyehamishwa bila kinga anaweza kufa si kwa njaa, bali kwa virusi vya mahali anapofika. Na anaweza pia kufika navyo.

Somo la pili lilikuja baadaye. Kati ya Basenji waliozaliana Marekani na Ulaya, wengi walionekana na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Figo linaacha sukari na vitu vingine vya maana vitoke na mkojo. Mara nyingi unaanza mbwa akiwa na miaka minne hadi saba: anakunywa sana, anakojoa sana, anakonda. Mwenye nyumba anaona tu mkojo sebuleni. Kipimo cha kwanza si kikubwa: kile kikaratasi cha kupima mkojo, kama kinachotumika kwa watu katika laboratwari nyingi. Sukari ikiwa katika mkojo, unapima damu. Sukari ikiwa juu katika damu pia, ni kisukari. Damu ikiwa ya kawaida na mkojo una sukari, unafikiria figo. Ugonjwa huo ukijulikana mapema, mbwa hupewa dawa za kurudisha kile anachopoteza, na wengi huishi miaka mingi.

Sisemi kila kambwa ka Walikale kana Fanconi. Nasema tu kwamba kikaratasi kimoja kinaweza kutenganisha mkaidi na mgonjwa. Ninyi mnaosoma laboratwari na uuguzi, mnaweza kusaidia veterineri kwa hilo bila gharama kubwa.

4. AKIWA NI TABIA, MFUNDISHE

Mara nyingi shida inaisha ndani ya wiki chache, na hutahitaji tena kumgawa. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Mpeleke mahali pale pale kila siku, harufu yake itamkumbusha. Akikojoa pale, msifu hapo hapo, mpe kipande kidogo cha chakula. Ukichelewa dakika moja hataelewa unamsifu kwa nini. Kumsugua pua ndani ya mkojo hakufundishi kitu, ila kukuogopa.

Ndani ya nyumba, osha kwa maji na sabuni, halafu pitisha siki iliyochanganywa na maji. Usitumie kitu chenye amonia, juu harufu yake inafanana na mkojo na inamwita arudi. Kama sakafu ni ya mbao, kausha vizuri na uweke plastiki chini ya mahali anapolala. Kama parseli ni mawe matupu, jaza sanduku udongo ao maranda ya seremala, umfundishe hapo.

Na dawa: usimpe kile ulichonacho. Ibuprofeni na diklofenaki za watu zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Ivermektini ya ng'ombe, ambayo wafugaji wa Masisi wanaijua sana, ina nguvu kubwa: kosa dogo la kipimo kwa mbwa wa kilo tano linaweza kuwa sumu. Vilevile dawa ya kuogesha ng'ombe juu ya kupe. Wengi wanasema «ni ya mifugo, haina shida». Shida iko, tena kubwa, juu kipimo cha ng'ombe wa kilo mia tatu si cha kambwa.

5. PALE AMBAPO KUGAWA NI KOSA: KICHAA CHA MBWA

Sasa tufike kwenye jambo zito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Katika vifo mia vya watu, tisini na tisa vimetoka kwa mbwa. Na kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla dalili hazijaanza, mtu anaweza kuokolewa, na tunalijua hilo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, tarehe 6 Julai 1885.

Kwa hiyo shika sheria hizi tatu.

Ya kwanza: mbwa aliyemuuma mtu ndani ya siku 10 zilizopita asigawiwe, asiuzwe, asifukuzwe, asichinjwe. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji kwa uangalifu, aangaliwe siku 10. Mbwa mwenye virusi katika mate yake huugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile aliyouma. Ukimgawa siku ya tatu, umeondoa jibu ambalo muuguzi anahitaji kwa ajili ya yule aliyeumwa. Lakini aliyeumwa hangoji siku 10: anaoshwa na kupelekwa kituoni siku ile ile.

Ya pili: mbwa asiyechanjwa aliyeumwa na mbwa mwingine asiyejulikana, ao na mnyama wa porini, anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kuonyesha kitu. Kanuni za nchi nyingi zinataka akae peke yake miezi 4 hadi 6. Huyo naye si wa kugawa leo.

Ya tatu: ogopa mabadiliko, si hasira peke yake. Watu wanangoja mbwa anayekimbia na kuuma kila kitu. Kuna kichaa cha kimya: mbwa anajificha gizani, sauti inabadilika, taya linaning'inia, mate yanatoka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma inalegea. Mtu wa huruma anasema «pengine mufupa umemukwama», anaingiza mkono mdomoni. Usiingize mkono. Kambwa kanakokojoa ndani pamoja na dalili hizi, kafungie, uite veterineri wa teritware.

Na mtu akiumwa, ao akilambwa kwenye kidonda: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, hata kama kidonda ni kidogo. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyo, useme wazi «ni mbwa», uulize chanjo inapatikana wapi. Majani, jiwe jeusi na maombi visichukue nafasi ya sabuni na sindano. Kuomba unaweza, ukiwa njiani kwenda hospitali.

6. UKIAMUA KUMTOA, MTOE NA UKWELI WAKE

Hakuna dhambi katika kumtafutia mbwa nyumba nyingine. Bayeri amekataa, mtoto mchanga yuko ndani, chakula hakitoshi hata kwa watu. Lakini fanya hivi.

Chagua nyumba inayofaa shida yake. Kambwa ka kilo tano hakafai kulala nje na ng'ombe juu ya vilima vya Masisi vinavyopita mita 2,000, usiku kuna baridi kali. Kanakokojoa mara nyingi kanafaa nyumba yenye uwanja wa udongo na mtu anayeshinda nyumbani, si mwanafunzi anayetoka saa moja na kurudi saa kumi na mbili. Muulize anayemtaka: wa kazi gani? Atalala wapi? Mko na watoto wangapi?

Mchanje kabla hajaondoka kama inawezekana. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka. Mpe dawa ya minyoo, mtoe kupe na viroboto.

Andika karatasi moja, hata ya daftari: umri, tarehe za chanjo, alimuuma nani na lini, aliumwa na nini, anakunywa kiasi gani, anakojoa lini, dawa alizopewa, chakula alichozoea, namba yako ya simu. Usifiche mkojo. Anayepokea akijua, atavumilia ao atakataa mapema. Asipojua, atamtupa njiani baada ya wiki moja, na pale ndipo mbwa wa njiani asiyechanjwa anazaliwa.

Weka majaribio ya wiki mbili, na kubali arudi. Mpeleke na kitambaa chake chenye harufu ya kwenu, usibadilishe chakula ghafla. Siku za kwanza atakojoa ndani hata kama kwenu alikuwa ameacha; mwambie mpokeaji aanze mafunzo upya bila fimbo.

Kama yuko karibu na misitu ya Kahuzi-Biega, upande wa Walikale, chanjo ni lazima mara mbili. Mwaka 1994 virusi vya Carré viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, Tanzania, na wachunguzi walivihusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Ugonjwa wa kambwa hauishii kwenye parseli.

Na wakati wa kukimbia? Hapo hakuna wa kumlaumu mtu. Watoto kwanza, wazee kwanza. Kama hakuna njia ya kwenda naye, mfungue kamba, usimwache amefungwa. Kama jirani anabaki, mwambie maneno mawili tu: amechanjwa ao hakuchanjwa, ameuma ao hakuuma. Karatasi ya chanjo iweke pamoja na vyeti vya watoto, haina uzito.

Sisi tuliosoma tuna kazi ndogo hapa. Wanaotoka katika vitivo vya veterineri vya Butembo na Lubumbashi, wanafunzi wa uuguzi, walimu wa shule za msingi: tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, siku aliyokufa Pasteur. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hatuwezi kufika huko kwa siku moja. Lakini kila mwalimu anaweza kufundisha kalasi yake dakika 15 za sabuni, na kila mmoja wetu anaweza kumwambia jirani, kabla ya kumpa kambwa: «Ngoja kwanza. Nikuambie kako na nini.»

Mubaki na amani.